Fundi Aliyeubishia Mwezi Hodi

Jumanne asubuhi, nikiwa barazani kwangu hapa Kibiti nachambua korosho, nzima huku, mbovu kule, simu ikalia. Alikuwa mke wa fundi. Hakusalimu. Akasema, "Shemeji, fundi ameshaondoka. Alfajiri, ndiyo kwanza ametia udhu." Mtu mwenye akili zake angesema inna lillahi, kisha akauliza maziko saa ngapi. Mimi nikauliza, "Mashine imezimwa?" Yule mama akanijibu kwa upole ambao sikuustahili, "Imezimwa, shemeji. Tangu jana." Ndipo nikasema inna lillahi. Nawaeleza haya tangu mwanzo kwa sababu nyie wasomaji wangu mmenizoea kwa mizaha ya sokoni na visa vya wapiga debe, na mhariri naye, Mungu amlipe, hunirekebishia maandishi yangu ya darasa la nne mpaka nikaonekana mtu wa maana. Leo namwomba asirekebishe sana. Nina jambo la kusema, na nataka lionekane lilivyo.

Marehemu alikuwa fundi redio, na alikuwa haoni. Wageni waliokuwa wakishuka kutoka kwenye mabasi ya Dar walidhani ni utani wakionyeshwa kibanda chake: fundi kipofu anachomelea waya? Mwenyewe alikuwa akiwaambia, "Ndugu yangu, hitilafu haionekani kwa macho, inasikika. Niachie hiyo redio, kanywe chai." Alikuwa Mmatumbi, wa kule vilimani kusini, na mimi Mndengereko wa hapa hapa, kwa hiyo tulitaniana tangu siku ya kwanza na neno letu lilikuwa "mtani". Ujana wake aliumalizia deltani. Alikuwa mtumaji wa simu ya upepo katika kituo kimoja kidogo kati ya mikoko, kazi yake kuarifu kwamba kuna mzazi amekwama, au mashua imechelewa, au dawa zimekwisha. Anasema jambo, anaachia kitufe, anangoja. Alikuwa akisema kwamba kazi nzima ilikuwa kule kungoja. Huko ndiko alikoujua mwezi, maana deltani huwezi kumwambia mtu mashua itafika lini kama hujui ni bamvua, maji yakijaa sana, au maji mafu. Hata alipokuwa haoni tena, akiketi kibandani kwake hapa Kibiti, harufu ya kamba wabichi ikizidi sokoni alikuwa akisema, "Mwezi umejaa, au umekufa. Mojawapo." Na hakukosea.

Macho yake yaliondoka polepole kwa ule ugonjwa wa presha ya macho. Kwanza pembeni, kisha katikati. Aliwahi kuniambia kwamba kitu cha mwisho alichokiona duniani kilikuwa mwezi. Uso wa mkewe ulikuwa umeshapotea, vidole vyake mwenyewe vimepotea, lakini mwezi ukiwa mkubwa alikuwa akiona doa jeupe. Akawa kila ukijaa anatoka uani kuliangalia doa lake. Mwezi mmoja akatoka, akangoja, akamwita mkewe, "Leo kuna mawingu?" Mkewe akatazama juu, hakuna hata wingu, mwezi umekaa kama sinia. Akamjibu, "Yapo, mengi." Nikisikia kisa hicho nilikuwa nikisema moyoni, mke mwema huyo. Sikujua kwamba siku moja nami nitaambiwa niangalie juu, nami nitajibu uongo, na wangu hautakuwa wa mapenzi.

Nimezunguka, niwieni radhi. Kuna watu duniani wenye leseni za serikali za kuzungumza kwa redio wao kwa wao, bila biashara wala habari za taifa, kwa kupenda tu. Fundi alikuwa nayo hiyo leseni, ina muhuri, na jina lake la hewani la herufi na namba. Na miongoni mwa watu hao wapo wachache wanaopeleka sauti zao mwezini, ikagonga huko, ikarudi. Fundi alipoanza kuunda antena zake uani, nne, ndefu kama miti ya kupaulia, zimepangwa mbilimbili juu ya nguzo ya chuma, mtaa ulichemka. Mtendaji alikuja na watu wawili.

"Mzee, tumeambiwa unaongea na watu wa nje."

"Bado sijafika huko. Kwanza naongea na mwezi."

"Na mwezi?"

"Ndiyo. Unamjua aliyenisema? Mwambie nikiupata nitausalimia kwa niaba yake."

Mtendaji akaisoma leseni mbele na nyuma, akacheka, akaondoka, redio yake mbovu akaiacha mezani itengenezwe. Lakini mimi nilibaki, nikamuuliza kweli anataka nini huko juu. Akasema, "Mtani, ule mwezi niliachana nao bila kuagana. Nataka niubishie hodi. Ukiitika nitajua bado upo, na mimi bado nipo." Hilo tu. Hakutaka kuongea na Mjapani wala Mjerumani. Alitaka agonge herufi zake, kisha azisikie zinamrudia. Safari ya kwenda na kurudi, alisema, ni muda wa kutamka Bismillahi Rahmani Rahim bila haraka.

Nami nikawa msaidizi wake, mzee mzima, baada ya sala ya alasiri. Akanifundisha mambo ambayo nimeishi chini ya mwezi miaka yote hii bila kuyajua. Kwamba kila siku unachelewa kuchomoza, karibu saa nzima kuliko jana, na kwa hiyo nusu ya maisha yake unatembea mchana na sisi hatuutazami. Kwamba hauko mbali sawasawa siku zote: ndani ya mwezi mmoja unasogea karibu na unajitenga, na ukijitenga mwangwi unakuwa dhaifu mpaka unamezwa na mchemko wa mashine. Kwamba ukiandama, na ukikaribia kufa, unakaa ubavuni mwa jua, na jua ni jirani mwenye kelele, halikuachii usikie kitu. Kwamba siku nyingine unapita mbele ya sehemu ya anga yenye makelele yake yenyewe, ya nyota, basi hapo nako usijisumbue. Na kwamba ukichomoza tu, ukiwa bado chini kule bonde linakoteremkia deltani, ardhi yenyewe inaipa antena nguvu, na sauti inarudi nyembamba kidogo kuliko ilivyoondoka, kwa sababu dunia inatupeleka kuulaki. Ukizama, inarudi nene. Basi ukitoa siku zisizofaa, zinabaki chache, nne au tano katika mwezi. Siku hizo akiketi hugonga mara tatu. Hodi, anangoja. Hodi, anangoja. Hodi. Asipoitikiwa anazima mashine. "Mlango ni mlango," alikuwa akisema. "Hodi ya nne ni utovu wa adabu."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo lilipo kosa langu. Antena za namna ile zina jicho jembamba. Ukizielekeza pembeni ya mwezi kwa upana wa ngumi moja na nusu, mkono ukiwa umenyooshwa, umeukosa kabisa, ni sawa na kumwita mtu ukimpa mgongo. Fundi haoni. Kwa hiyo alifunga gurudumu la baiskeli chini ya nguzo, gurudumu lenye spoki thelathini na sita, kila spoki ni daraja kumi, yaani digrii kumi, za kuzunguka. Simu yake ilikuwa ikimsomea kwa sauti mwezi uko daraja ya ngapi, naye anazihesabu spoki kwa vidole kuanzia kaskazini. Lakini kaskazini ni wapi? Akaniambia, "Mtani, wewe ndiye mwadhini. Sisi hapa Makka iko kaskazini kabisa, haikwenda kulia wala kushoto hata kidogo. Nielekezee nguzo yangu kibla." Nikaona fahari. Msikiti wetu uko ng'ambo ya uchochoro, mihirabu yake naijua kama kiganja changu, maana aliyeisimamisha ni marehemu baba yangu. Nikapima kwa kamba kutoka ukuta wa msikiti, nikaelekeza antena sambamba na mihirabu, nikafunga fundo la waya wa shaba kwenye spoki ya kwanza. Fundi akalipapasa fundo, akasema bismillahi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya alasiri nyeupe, isiyo na wingu. Simu ikasoma daraja, fundi akahesabu spoki, akazungusha, akavaa hedifoni. "Mtani, simama nyuma ya antena. Unauona? Uko mbele?" Nikasimama, nikafumba jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Mwezi ulikuwa umechomoza. Lakini haukuwa mbele. Ulikuwa umekaa kushotoni, peke yake, mbali na ncha ya antena kwa ngumi moja na nusu.

Mwanzoni nilidhani fundi amehesabu vibaya. Nikahesabu mwenyewe, sawa. Nikafikiri simu imedanganya. Kisha nikageuka nyuma nikautazama msikiti. Kama fundo la fundi limepinda, basi mihirabu imepinda. Na kama mihirabu imepinda, baba yangu aliyezikwa kwa heshima ya mtu aliyewasimamishia Waislamu kibla, ambaye kwa ajili yake mpaka leo tunaitwa ukoo wa kibla, na mimi naitwa mwadhini, alikosea; na watu wa mtaa mzima wamesali miaka yote wakiangalia pembeni. Nikamwona mtu fulani mgomvi akisimama Ijumaa kuuliza. Nikauona msikiti umegawanyika pande mbili. Nikaona vijana wakinicheka.

"Mtani? Unauona?"

"Nauona."

"Uko mbele?"

"Upo mbele."

Akagonga. Akangoja. Akagonga. Akangoja. Akagonga. Nilikuwa nimemsimamia pale, nikiona kidole chake kimetulia juu ya kile kidude cha kugongea, na uso wake umeinuka kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni kama kuna nyayo zinakuja. Akavua hedifoni. "Leo hawapo nyumbani," akasema. Tukacheka wote wawili. Miye nilicheka kwa sauti zaidi.

Miaka mitatu, ndugu wasomaji. Kila mwezi siku nne au tano. Akabadilisha waya. Akabadilisha yale mataa ya kioo ya kukuzia nguvu, akaagiza mengine, yakaja yamepasuka, akaagiza tena. Akaziinua antena juu zaidi kwa kudhani mikorosho inammeza. Akaulaumu umeme, akailaumu mikono yake, siku moja akalaumu masikio yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nayo yameanza kuondoka kama macho. Nikamwambia, "Masikio yako mazima, mtani, subira tu." Mimi ndiye niliyemwambia subira! Na kila mara, kabla hajagonga, swali ni lile lile, "Unauona? Uko mbele?" na jibu ni lile lile.

Kuna siku alinieleza, bila kujua anachonifanya, kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa kipupwe linachomozea upande wa kaskazini, na msimu wa korosho linakuwa limehamia kusini. Nikakumbuka maneno ya baba, aliyoyasimulia kwa kujivuna mara nyingi: kwamba walijenga msikiti ule wa kwanza wa udongo watu walipokuwa na nafasi, baada ya kuuza korosho, na yeye akasimama uwanjani alfajiri, akanyoosha mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza, na mbele ya uso wake ndipo akachomeka kigingi cha mihirabu. Jua lilikuwa limemhama, masikini, na yeye hakujua. Wajenzi wa matofali walipokuja baadaye walifuata msingi ule ule. Basi nikawa sasa najua kosa, najua sababu yake, najua hata tarehe yake kwa kukisia, na bado nikanyamaza. Mtu ambaye hajui kitu anaweza kusamehewa. Mimi nilikuwa nimefundishwa na yule yule ninayemdhulumu.

Msinielewe kwamba muda wote ule tulikuwa na huzuni. Kulikuwa na vicheko. Mwisho wa Ramadhani mmoja vijana walimjia mbio kabla ya magharibi, "Babu fundi, mashine yako imeusikia mwezi? Kesho ni Idi?" Akawajibu, "Mwezi wa leo uko kwapani mwa jua, mimi sisikii ila jua linakoroma. Nendeni uwanjani mkatazame. Si mna macho nyie? Mbona mnanituma mimi?" Walitawanyika wakicheka. Na huwa nafikiria jambo hilo. Zamani tulikuwa tukienda wengi kuutafuta mwezi, watoto, wazee, tumekazana kutazama upande mmoja. Siku hizi tunangoja ujumbe wa simu. Ujumbe tunao mwingi, mtu anatuma salamu kwa watu mia bila kumfikiria hata mmoja, na hangoji jibu. Huyu bwana alikuwa na herufi chache tu za kutuma, akazituma mahali pamoja, na akangoja kwa mwili mzima. Sijamwona mwingine anayengoja hivyo. Na mimi ndiye niliyemgeuzia mlango.

Mwaka huu wa mwisho niliona jambo jingine. Tukiwa safuni msikitini, fundi alianza kusimama amegeuka kidogo kushoto. Kidogo tu. Wa pembeni yake wanamgusa, "Nyoosha, mzee, kibla huku." Ananyooka, kesho amegeuka tena. Watu wakasema ndio uzee, na kutoona. Mimi, mwadhini, nilikuwa nikimaliza kukimu napita nyuma ya safu, namshika mabega kwa mikono yangu miwili, namzungusha kulia taratibu. Hakuwahi kubisha. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu kama mlango uliotiwa mafuta. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya kunisikia mimi peke yangu, "Ahsante, mtani. Wewe unaona."

Mabega yale ninayo mikononi mpaka sasa. Nachambua korosho nayasikia. Naandika hapa nayasikia.

Tulimzika Jumanne ile ile baada ya alasiri. Makaburi yetu yako nyuma ya msikiti, na mistari yake inafuata ukuta. Vijana walishachimba, mwanandani wa kumlazia umeshakatwa, jeneza limefika. Nikasogea ukingoni. Mwezi ulikuwa juu mashariki, mweupe kama kipande cha nazi, wa siku zile ambazo angekuwa ameniita. Nikatazama kaburi, nikatazama mwezi, nikaona atalazwa vile vile: amepinda kwa ngumi moja na nusu, anaelekezwa pembeni tena, safari hii mpaka kiyama. Wawili wakashuka chini kumpokea.

Nikasema, "Ngojeni."

Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Mchimbaji mmoja, jasho linamtoka, akasema, "Kuna nini tena, mwadhini? Maiti hasubirishwi."

"Kaburi limepinda. Linafuata msikiti, na msikiti umepinda. Kibla kiko kushoto zaidi. Baba alikosea. Najua siku nyingi."

Nilingoja mbingu ianguke. Shehe wetu, kijana aliyesoma, akatoa simu, akaiweka tambarare kwenye kiganja, akaangalia dira, akageuka kidogo, akaangalia tena. "Mzee kasema kweli," akasema. "Tumekwenda kulia." Yule niliyemwogopa miaka mitatu, mgomvi wa Ijumaa, akauliza, "Kwa hiyo shehe, sala zetu zote?" Shehe akasema, "Ni sahihi, inshallah. Mlikusudia Kaaba, na kupinda kiasi hiki hakuvunji sala. Chongeni huo ukuta wa kaburi tumstiri ndugu yetu." Mzee mwingine akasema, "Marehemu mzee wetu alijitahidi. Hakuwa na dira yule." Wakarehemu. Wakashika majembe, wakachonga huku, wakajaza kule. Haikuchukua hata dakika kumi. Fundi akalazwa ubavu wake wa kulia, kichwa upande unakochomoza mwezi, uso kaskazini. Hakuna aliyenicheka wala aliyegawanya msikiti. Yule mchimbaji tu, akifuta jembe lake, aliniambia bila ubaya, "Mwadhini nawe! Sasa siku zote ulikuwa unangoja nini? Afe mtu?"

Dakika kumi. Kazi ya majembe mawili na maneno machache, ndiyo iliyonishinda miaka mitatu.

Ijumaa, siku ya tatu, baada ya khitma, nikamwomba mke wa fundi tukae uani. Nilikuwa nimejiandaa kukiri. Nimefungua mdomo tu, akanishika mkono akaniongoza kwenye nguzo, akaweka vidole vyangu juu ya gurudumu. "Gusa hapa, shemeji." Nikaligusa fundo langu la waya wa shaba. Akavisogeza vidole vyangu pembeni, spoki moja na nusu. Kulikuwa na fundo jingine, dogo, la uzi wa nailoni.

"Alilifunga lini?"

"Mwaka jana, tukivuna mpunga."

"Alijuaje?"

"Kwa jua. Alivaa yale madude masikioni, akazungusha mpaka jua likavuma kwa nguvu, anasema kama mvua juu ya bati la jirani. Kisha akaiuliza simu jua liko wapi. Akahesabu spoki. Akahesabu mara nyingi. Kisha akakaa chini, hata chakula hakula."

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa kuliko yote. "Akaupata?"

Yule mama akatabasamu, machozi yanamtoka. "Mchana mmoja. Tulikuwa wawili, mimi nimeshika gurudumu. Hodi ya pili. Akaniambia, 'Mama wee, imerudi. Imerudi nyembamba.' Akalia kama mtoto. Hakugonga ya tatu. Akasema ukishakaribishwa unaacha kubisha."

"Mbona hakuniambia, shemeji? Nilikuja hapa mwaka mzima! Nilisimama hapa hapa!"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Mtani wangu amebeba kitu kizito. Nikimwambia nimeusikia mwezi, atajua nimesikia na mengine.' Siku zako alikuwa akilirudisha gurudumu kwenye fundo lako kabla hujafika. Anakungoja. Alikuwa akisema, 'Huenda leo ataniambia.'"

Basi hesabuni nanyi, maana mimi nimeshindwa. Mwaka mzima fundi aliketi na hedifoni masikioni akigonga mbingu tupu, akijua ni tupu, kwa ajili yangu. Aliniuliza, "Unauona, mtani? Uko mbele?" na akaachia, akangoja, kwa uso ule ule ulioinuka wa mtu anayesikiliza nyayo. Nikadhani anaubishia mwezi. Nami nilikuwa ndani muda wote, nimebana mlango.

Jioni ile ile ya Ijumaa, jua halijazama, mwezi ukachomoza. Mashine siigusi, sina leseni na sina haki. Lakini nilizungusha gurudumu, nikahesabu kuanzia fundo lake la nailoni, nikasimama nyuma ya antena na kufumba jicho moja. Mwezi ulikuwa umekaa juu ya ncha kabisa, haukwenda kulia wala kushoto. Nikasema kwa sauti, "Upo mbele, mtani. Sasa ni kweli." Nikangoja muda wa Bismillahi Rahmani Rahim. Nikangoja tena. Mkewe alikuwa mlangoni.

Msikitini wameshabandika mistari mipya kwenye zulia, na kila tunaposimama safuni naona namna tulivyogeuka sote kushoto, kidogo tu, kama alivyokuwa akisimama yeye. Nilichojifunza hakihitaji elimu zaidi ya ile yangu ya darasa la nne. Nilinyamaza kumlinda maiti, nikamnyang'anya aliye hai, na yule maiti wala hakuhitaji ulinzi wangu. Kwa hiyo mtu wako akikuuliza tena na tena jambo ambalo umeshamjibu, mtazame vizuri usoni. Huenda anabisha hodi. Mfungulie angali mlangoni, kwa sababu mimi nilipofungua, lililokuwa linapita nje ni jeneza.